Skii Pana na Mguu wa Mama Mkwe

Nitawasimulia, lakini chekeni taratibu, maana aibu ile sijaimaliza, na hadi leo kanisani nachagua kiti cha nyuma ya nguzo.

Mchumba wangu wakati huo, Nakato, ni Muganda aliyezaliwa hapahapa Stockholm, na kwao mkwe hamgusi mama mkwe, hampi mkono, hata benchi moja hawakai (mimi ni wa Morogoro, kwetu mama mkwe unampokea mkoba na ubwabwa mnakula pamoja). Mwaka mzima nilimsalimia mama yule kutoka upande wa pili wa sebule yao ya Sundbyberg, macho kwenye zulia, nikisubiri aseme tu kwamba nilete wazee wangu kujitambulisha. Hakusema.

Basi Jumamosi moja tukaenda wote watatu kwenye kilima karibu na Hallunda, theluji mpya imeanguka, nikajiambia leo mama ataona mwanaume. Pale pa kukodisha kulikuwa na skii, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni na kuteleza, nyembamba, za wastani na pana. Nakato, anayeteleza tangu chekechea, akaniambia, "Elia, lyssna, sikiliza, chukua za wastani. Nje ya njia theluji hailingani, juu ni laini, chini kwenye misonobari ni barafu tupu." Mimi nikakumbuka malori kwenye tope, tairi pana halizami, nikachukua pana kuliko zote (na nikamfundisha fizikia, Mungu anisamehe).

Juu kweli sikuzama. Nilielea, nikapunga mkono, nikamwona mama kule chini ameinama anageuza soseji kwenye moto, nikafurahi sana. Kisha theluji ikawa na gamba gumu, skii zikaanza kutetemeka, kisha ikaja ile barafu ya misonobarini, nikaegemea ukingo wa skii ushike, ukakataa, maana upana ule ni wa kuelea, si wa kung'ata, na sasa nashuka upandeupande kuelekea kwenye soseji huku napiga kelele, "Mama, pisha! Pisha, Mama!"

Hakuwahi. Tulibiringika pamoja, na tulipotulia nilikuwa nimeukumbatia mguu wa mama mkwe kwa mikono yote miwili.

Mama (Kiswahili alijifunzia Nairobi, enzi za ukimbizi) hakunitazama. Alimwambia mwanawe, aliyekuwa ametufikia mbio, "Nakato, ambia huyu mtu aachilie mguu yangu."

"Släpp, Elia!"

Nikaachia. Nilijua mke nimekosa, nikabaki nimelala pale kwa sababu sikuona sababu ya kuinuka. Mama akajipangusa, akaokota soseji moja kwenye theluji, akaipuliza, akaila yote bila haraka.

"Na umwambie akuje na wazee wake," akasema. "Lakini akuje wakati wa joto, hii barafu ikiisha yote."

Tumeoana. Siku hizi nakodi za wastani bila kubishana, na mama mkwe akiwa chini ya kilima, navua skii, naziweka begani, nashuka kwa miguu.