Zipora, matroni wa Miyuji anayewaandaa wasichana kwa siku ya kwanza baada ya shule

Saa tatu asubuhi, Jumamosi ya pili ya Februari. Zipora Ndahani amejifungia ndani ya stoo ya magodoro akiwa na simu ndogo ya vitufe mkononi. Nje, kwenye baraza la bweni, wasichana kumi na tisa wa kidato cha sita wamekaa chini wakimtazama mwenzao aliyesimama, simu ya kuazima ikiwa sikioni.

Simu ya stoo inaita.

"Haloo, ofisi ya udahili, nikusaidie nini?" Sauti ya Zipora inapenya mlangoni, kavu na ya haraka, kama ya mtu mwenye foleni ndefu mbele yake.

"Shikamoo," anasema msichana.

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

"Shikamoo… aa, samahani. Shikamoo."

Wenzake wanaangua kicheko. Mlango wa stoo unafunguliwa na mwanamke mfupi mwenye kitenge cha bluu anatoka, naye akicheka hadi machozi.

"Kuluthumu, umeniamkia mara mbili na bado sijakujua wewe ni nani," anamwambia. "Ofisini watakata simu. Jina lako, shule yako, shida yako. Ukimaliza nyamaza, usubiri jibu. Kunyamaza si kosa. Haya, rudia."

Kuluthumu anarudia. Mara ya nne anafika mwisho, na namba yake ya mtihani anaitaja bila kuangalia karatasi. Baraza zima linampigia makofi.

Zipora ana miaka 45. Huu ni mwaka wake wa kumi na moja kama matroni katika Shule ya Sekondari ya Wasichana Mlimahewa, iliyo pembezoni mwa Miyuji, jijini Dodoma. Kwa mujibu wa barua yake ya ajira, kazi yake ni kusimamia usafi wa bweni, kuwapeleka wagonjwa zahanati na kuhakikisha taa zimezimwa saa nne. Haya ya Jumamosi hayamo kwenye barua hiyo.

"Tunawafikisha hadi mlango wa chumba cha mtihani, halafu tunawaaga kwa keki," anasema. "Keki ikiisha, mtoto anabaki na begi lake. Anafika kijijini hajui maombi ya chuo yanafunguliwa lini, hajui amuulize nani. Na nyumbani wote wanamtazama yeye, kwa sababu ndiye msomi."

Kwa hiyo kila mwaka, kuanzia Januari hadi mahafali ya Aprili, huwakusanya. Huanza na vyeti vya kuzaliwa. Mwaka juzi, kati ya wasichana 62, tisa walikuwa na majina yasiyofanana na yale ya shuleni. Mmoja alikuwa Esta kwenye cheti na Esther kwenye mtihani, na tofauti hiyo ndogo ilimzungusha miezi miwili.

Baada ya vyeti huja mambo ambayo hakuna mtihani unaoyauliza. Namna ya kuishi chumba kimoja na mtu usiyempenda. Kupika ugali wa mtu mmoja bila kutupa nusu. Namna ya kumkatalia kwa adabu mtu mzima anayekusubiri stendi na kudai kwamba ametumwa na mjomba wako.

Kwa nini matroni ajitwishe yote hayo? Anakunja shuka, analikunjua, kisha analikunja tena.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1998 katika shule ambayo hapendi kuitaja. Kwao ni kijiji kimoja cha Chamwino, kilomita arobaini kutoka shuleni hapo. Hapakuwa na simu. Alirudi nyumbani, akawa anachunga ng'ombe wa mjomba wake huku akisubiri matokeo.

Novemba mwaka uliofuata alitembea hadi shuleni kuulizia cheti. Karani alifungua droo na kutoa bahasha yenye jina lake. Ndani mlikuwa na barua ya kumpa nafasi ya kusomea uuguzi. Alitakiwa kuripoti Julai.

"Karani hakuwa mtu mbaya," anasema Zipora. "Alidhani mwalimu ameniambia. Mwalimu naye alidhani nimeambiwa na karani. Mimi kijijini nilidhani nimefeli. Pale ofisini sikulia. Niliomba ile bahasha, nikashukuru, nikaondoka. Nililia njiani, nikiwa nimeshafika nusu ya safari."

Aliolewa, akahamia mjini na mumewe, fundi mwashi. Mume alifariki mwaka 2012 na kumwachia mtoto mmoja, Abeli. Zipora alifua nguo za watu Ipagala na kupikia mafundi kwenye majengo, hadi alipopata kazi ya bweni.

Mwaka wake wa kwanza, siku kidato cha sita walipokuwa wakiondoka, alimuuliza msichana mmoja aliyekuwa akifunga begi: unakwenda wapi? Akajibiwa, "Nyumbani, kusubiri."

"Neno hilo lilinichoma," anasema. "Nilimwambia aketi. Nikamuuliza, unasubiri nini, kutoka kwa nani, kitakuja kwa njia gani? Hakujua hata moja. Nilimwona kama mimi."

Tangu hapo kila msichana hupewa kurasa mbili kwenye daftari kubwa la Zipora. Juu ameandika swali moja: Mwaka kesho wakati kama huu nitakuwa wapi? Wengi hujaza kurasa zote mbili na kuomba ya tatu.

Februari mwaka jana, ukurasa wa Ruthu Matonya ulikuwa na mistari miwili tu. "Nyumbani. Nitamsaidia baba."

Ruthu alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa wa pili darasani kwa somo la baiolojia. Zipora alimwita chumbani kwake akamwekea ungo wa karanga wamenye pamoja. "Mikono ikiwa na kazi, mtu anaongea," anasema.

Karanga zilikaribia kwisha ndipo Ruthu akaongea. Mama yake alifariki Ruthu akiwa kidato cha pili. Baba yake, Elisha, ni mvuvi wa bwawa la Mtera, naye macho yalikuwa yanafifia. Likizo ya Desemba alimwona akipapasa tundu la wavu kwa ulimi kwa sababu halioni. Nyumbani kuna mdogo wake Anna, wa darasa la tano.

"Nikienda chuo, nani atamshika mkono kushuka majini?" Ruthu aliuliza.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Siwezi, Matroni. Atasema niende. Atasema hivyo ili nisiumie."

Zipora alikwenda kumwomba ruhusa mkuu wa shule, Mwalimu Generosa Mkasanga. "Aliniambia anataka siku mbili na mwanafunzi mmoja," anakumbuka mwalimu huyo. "Nikamuuliza kuna msiba? Akasema hapana, kuna watu wawili wanaofichana kitu kimoja. Nikasaini."

Zipora na Ruthu wakapanda basi la asubuhi la kwenda Iringa na kushuka Mtera mchana. Ilikuwa Machi, maji ya bwawa yamejaa. Elisha alikuwa amekaa nje ya nyumba, nyavu zimemlalia magotini. Alimtambua binti yake kwa hatua zake kabla hajaongea.

"Mbukwenyi," aliwasalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa," Zipora akaitika, na mzee akatabasamu kusikia kwamba mgeni ni wa kwao.

Walikula ugali wa uwele kwa perege. Ruthu alipokwenda kuosha vyombo, Elisha alisogea karibu.

"Mama, huyu binti akimaliza mtihani anapanga nini?"

"Ameandika atarudi hapa."

Mzee akasema: "Alivyoandika, nisomee."

Zipora alifungua daftari akamsomea ile mistari miwili. Elisha aliomba arudiwe. Kisha akasema neno moja: "Kumbe."

Akizungumza na gazeti hili kwa simu, Elisha anaeleza alichokuwa anafikiri. "Kila likizo alikuja akashika nyavu, hakutaja chuo hata siku moja. Nikasema moyoni, mtoto amechoka kusoma. Mama yake hayupo, nisimsukume. Kama anataka kukaa na mimi, basi akae. Lakini usiku nilikuwa silali."

Alimwita Ruthu akamkalisha mbele yake. Zipora anayakumbuka maneno yake moja moja.

"Macho haya ni yangu, si yako," alimwambia. "Mimi majini siingii tena. Tangu Januari mtumbwi anao baba yako mdogo Thobias, ananiletea samaki wa kula na kuuza. Mimi nashona nyavu za watu. Wavu nauona kwa vidole. Sikukuambia kwa sababu niliogopa utaacha shule uje."

"Na mimi ningekuja," Ruthu akasema.

"Najua. Ndiyo maana sikukuambia."

Ruthu alimlalia baba yake magotini, juu ya zile nyavu, akalia. Zipora alitoka, akaenda kumsaidia Anna kumalizia vyombo.

"Watu wanasema nilimwokoa yule mtoto," anasema. "Sikumwokoa. Nilisoma mistari miwili kwa sauti, basi."

Siku ya mahafali Elisha alikuja, Anna akimshika mkono. Ilipofika zamu ya wazazi kuwavisha watoto wao mataji ya maua ya karatasi, alipapasa kichwa cha binti yake kwa mikono miwili, akaliweka taji. Lilikaa upande, limeegemea sikio. Ruthu hakulinyoosha. Alitembea nalo hivyohivyo hadi jioni.

Baada ya mtihani wa Mei alikwenda mafunzo ya jeshi la kujenga taifa kama wenzake. Matokeo yalipotoka, aliomba udaktari akakosa. Awamu ya pili ilimpa nafasi Morogoro, kusomea sayansi ya samaki na viumbe wa majini.

"Nililia siku mbili," anasema Ruthu kwa simu kutoka chuoni. "Nikampigia Matroni. Akasema lia na ya tatu, ya nne ufungashe. Sasa napenda. Nikimsimulia baba ninayojifunza, nusu anayajua tayari, na nusu anasema profesa amekosea."

Elisha alifanyiwa upasuaji wa macho Septemba. Jicho moja limerudi kiasi cha kumwezesha kutembea peke yake mchana. La pili, madaktari walimwambia, lilicheleweshwa mno.

Si wote wanaofika wanakotaka. Katika daftari la Zipora zipo kurasa ambazo huzifungua na kuzifunga. Emiliana, aliyemaliza mwaka 2019, aliandika atakuwa mwalimu wa hesabu. Simu yake haijaita tangu mwaka uliofuata. Zipora huipiga kila Krismasi.

Wapo pia wanaokaa mjini kusubiri matokeo bila ndugu wa kuwapokea. Kwa hao, Zipora huvuka mji hadi duka la vitambaa la Hansa, mama wa Kihindi aliyezaliwa na kukulia Dodoma, ambaye huwachukua wawili kila mwaka kupima vitambaa na kuhudumia wateja.

"Wa kwanza alikuwa anaongea na sakafu," anasema Hansa. "Nilimwambia, binti, mteja yuko huku juu. Baada ya mwezi alikuwa anabishana bei na wazee. Zipora anawaleta wamenyamaza, mimi namrudishia wanaongea."

Jambo ambalo Zipora hakulitarajia lilimfika Novemba, wiki ya kwanza ya Ruthu chuoni. Binti huyo alimpigia akiwa amechanganyikiwa. Ukumbi wa masomo una watu mia tatu, alisema, mhadhiri haandiki ubaoni, na hakuna anayejali nani amekuja na nani hakuja. Akauliza: mbona haya hukutuambia? Kwani wewe chuo ulisoma wapi?

"Nilikuwa nimeshika mwiko," anasema Zipora. "Nikauweka chini. Miaka yote ile hakuna aliyeniuliza. Nikamwambia ukweli, mwanangu, mimi chuo sijawahi kukanyaga. Mengine nasikia redioni, mengine nawauliza walimu, mengine nabuni."

Kisha Ruthu akasema, "Basi mwakani ukanyage."

Zipora alidhani ni utani. Lakini Jumapili iliyofuata Ruthu alipiga tena akitaka namba ya mtihani wa kidato cha nne wa Zipora mwenyewe. Jumapili ya tatu alimtajia chuo kimoja cha hapa Dodoma chenye masomo ya jioni. Wakajaza fomu kwa simu, mmoja Morogoro na mwingine bwenini, wakibishana kuhusu kila kipengele.

Jibu lilikuja Januari. Amekubaliwa kusomea astashahada ya ustawi wa jamii kuanzia Machi, siku nne kwa wiki, saa kumi na moja hadi saa mbili usiku. Mwalimu Generosa amesema saa hizo atakaa bwenini yeye mwenyewe. Abeli, ambaye sasa ni fundi seremala, alicheka kwanza, kisha akauliza mama yake anataka meza ya kusomea ya ukubwa gani.

Zipora anakiri kwamba anaogopa. Ameshapita mbele ya chuo hicho mara mbili bila kuingia, akijifanya anakwenda sokoni. Kiingereza chake, anasema, kimeota kutu, na wanafunzi wenzake watakuwa wa umri wa wasichana anaowazimia taa.

Anaulizwa anatarajia nini baada ya masomo: cheo, kazi nyingine, labda kuhama bweni? Anatikisa kichwa. Nje Kuluthumu anaita, anataka kufanya zoezi la simu kwa mara ya tano.

"Sihami," anasema akiinuka. "Nataka tu mwanafunzi akiniuliza huko mbele kukoje, nimwambie nilichokiona."