Taja Wewe Kwanza

Harufu ya sombe, yaani kisamvu, iliyotoka kinuni sasa hivi haifichiki. Asubuhi hii imepita mbele ya kibanda changu cha kushonea hapa Mpanda, ndani ya beseni la kijani kichwani mwa mama mmoja, nami nikajikuta nimesimamisha cherehani. Wengine mkisikia harufu hiyo mnafikiria ugali wa muhogo, mawese na karanga, na mate yanawatoka. Mimi nafikiria geti.

Kwetu ni Kasekese, kwenye mashamba ya mihogo. Baba alizaliwa Burundi, akavushwa mpakani akiwa mgongoni mwa mama yake watu walipokuwa wanakimbia kuuawa. Sisi watoto tulizaliwa hapa hapa. Mama yake baba tulimwita Nyogokuru, ndilo jina la bibi kwa Kirundi. Macho yake yalikuwa yameshafunikwa na ukungu mweupe, lakini kwa masikio hukumweza. Mbuzi akianza tu kuwaza habari za shamba la mtu, Nyogokuru alikuwa ameshamkaripia.

Mgeni yeyote aliyemwamkia kwa Kirundi Nyogokuru alimshika mikono yote miwili hadi kwenye viwiko, akamtakia ng'ombe, akamtakia watoto, kisha akamuuliza swali lake: "Wewe ni wa mlima gani?" Ng'ombe hao hatukuwahi kuwaona, sisi tulikuwa na mbuzi na kuku. Lakini swali lilikuwa zito. Huko walikotoka, kila ukoo ulikaa juu ya mlima wake, na kuutaja ni sawa na kumtaja baba na babu. Wake uliitwa Gasenyi. Nililala na kuamka na Gasenyi: migomba yake, kijito chake, ubaridi wake. Kwa jinsi alivyousimulia, mimi niliamini huko hata mbu hawapo.

Kiangazi kimoja, karanga zikiwa zimeshang'olewa, alikuja mama mmoja mnene, mwenye kitenge kipya na kicheko cha karibu. Aliamkia kwa Kirundi safi. Nyogokuru akamdaka viwiko, akauliza la kuuliza. Yule mama hakujibu mara moja. Alipiga magoti, akamlalia bibi kifuani, akaanza kulia.

"Nyogokuru, mimi ni wa huko huko kwenu."

"Wa kwetu? Wa Gasenyi?"

"Gasenyi, Nyogokuru! Gasenyi!"

Wakalia wote wawili, mama yangu naye akalia, na kuku akachinjwa. Jina lake alisema ni Godeliva, lakini kabla jua halijatua alishakuwa Shangazi. Baba, ambaye hakuwa na dada wala kaka aliyebaki hai, alikaa anamtazama akila na kusema damu ni nzito kuliko maji. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake.

Shangazi alisema anaishi Tabora, nyumba kubwa, watoto wake wameshaoa na kuolewa, yuko peke yake. Akamtazama dada yangu Imelda, ambaye alikuwa darasa la sita, miguu myembamba, hodari wa hesabu na wa kunikimbiza. Akasema huyu mtoto akikaa naye atasoma shule ya mjini, na Jumamosi atajifunza cherehani. Kwetu kumpa ndugu mtoto amlee halikuwa jambo la kuombewa ruhusa. Baba alilelewa hivyo, na mama pia. Nyogokuru alipiga makofi akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Kesho yake nilitumwa moto kwa jirani yetu, Mzee Salvatori. Nikiwa nachagua kaa zuri jikoni kwao, nikasikia sauti ya Shangazi uani, inalia. "Mzee, mimi ni wa huko huko kwenu." Mzee akauliza, "Wa Rubirizi?" Naye akaitikia, "Rubirizi, mzee! Rubirizi!" Nikachungulia, nikamwona amemlalia mzee kifuani vile vile.

Nilirudi mbio hadi kaa likazima. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, jamani, nilikuwa na fahari! Watu wote tuliowajua walikuwa na mlima mmoja, shangazi yetu alikuwa na miwili. Niliingia nikalitangaza mbele ya kila mtu. Nyogokuru akanyoosha kidole kuelekea ilipotoka sauti yangu.

"Kadogo, funga mdomo. Mtoto hamchambui mgeni."

Nikafunga. Imelda aliondoka amepakwa mafuta, amevaa gauni la sikukuu, na mama amemfungia karanga za kukaanga kwenye kitambaa. Jeneroza, binti wa Mzee Salvatori, naye alikuwemo, tena alicheka sana kwa kupewa nafasi ya kukaa mbele kwenye fuso. Kwaya ya kanisa letu iliwaimbia. Hilo ndilo linalonitia baridi mpaka leo. Hawakuibwa wale watoto. Tuliwasindikiza kwa nyimbo.

Kuanzia hapo kila jioni tulimwombea Imelda wa Tabora. Baba hata aliuliza watu Tabora iko upande gani, tukawa tunaelekea huko. Mvua zikaja, simu haikuja. Namba aliyoacha Shangazi haikuwahi kupatikana. Baba akasema mtandao wa huku ni mbaya, na kwa kweli ulikuwa mbaya, kwa hiyo hakuna aliyembishia.

Mvua zikiwa bado zinaendelea, majani ya mihogo yakiwa mororo, mama alinichukua tuje Mpanda kuuza sombe. Tulifikia kwa mama mmoja wa kanisani kwetu, tukatwanga kwake asubuhi, kisha tukapita nyumba hadi nyumba, yeye na beseni, mimi na sauti. "Sombeee!" Niliipenda kazi hiyo kwa sababu nilikuwa ninaruhusiwa kupiga kelele.

Tukafika kwenye geti la bluu. Nikabisha. Likafunguliwa kidogo, na aliyefungua alikuwa Imelda.

Nywele zilikuwa zimekatwa hadi ngozi. Vidole vilikuwa vyeupe kwa maji na sabuni, na kwenye mkono kulikuwa na alama ya moto iliyokuwa haijapona. Alikuwa ndani ya Mpanda! Sisi tunaomba kuelekea Tabora, na yeye yuko hapa, mahali ambapo sauti ya mnada sokoni inasikika.

Imelda alimtazama mama yetu usoni, akasema, "Hatununui, mama. Nenda."

"Imelda!" nikapiga kelele.

"Mimi siitwi hivyo. Nenda, mama."

Kutoka ndani sauti ya mwanamke ikauliza, "Rehema, ni nani?"

"Wauza sombe. Siwajui."

Beseni lilianguka. Mama alikaa chini kwenye tope, kati ya ile sombe iliyomwagika, akapiga yowe. Sijasikia tena mtu akipiga yowe namna ile, na sitaki kusikia. Wanawake wakatoka kwenye majumba yao, madereva wa bodaboda wakasimama, na mwisho akaja mwenyekiti wa mtaa, mzee mpole aliyekuwa bado anatafuna. Mwenye nyumba naye akatoka, mwanamke kijana wa mjini, amejifunga khanga kifuani. Akaapa kwamba alielezwa mtoto huyu ni yatima, na kwamba mama aliyemleta alishalipwa chake. Sijui mpaka leo nimwamini kwa kiasi gani, maana ile alama ya moto haikujichoma yenyewe.

Mwenyekiti akamuuliza Imelda, "Binti, huyu ni mama yako?"

"Simjui."

"Mtazame vizuri."

"Simjui mimi. Muacheni aende zake."

Mzee akateremsha macho. "Sasa kama humjui, mbona umemshika mtoto wake?"

Ndipo wote tukaona. Mkono wa Imelda ulikuwa umepita kwenye uwazi wa geti, umekamata gauni langu kiunoni, na vidole vilikuwa vimekaza hadi nguo imekunjamana. Nadhani hata yeye hakujua. Alipouona mkono wake mwenyewe, alianguka chini.

Tulirudi naye Kasekese. Mimi sikumsemesha njia nzima, nilikuwa nimenuna. Mtu anawezaje kumkana mama yake kwa ajili ya nyumba ya geti? Nyumbani naye hakusema kitu, alikuwa anafagia tu, anafagia hata palipofagiliwa. Siku alipofunua kinywa, alimfunulia Nyogokuru.

"Yule shangazi alisema nikitaja kwetu, nyie wote mtarudishwa. Alisema yeye anaujua mlima wetu, atawaambia wakubwa wawapeleke huko huko. Ulimtajia mwenyewe, Nyogokuru."

Wakati huo baba alikuwa bado anasubiri uraia. Watu wazima waliinama. Mimi nikaona jambo hilo ni jema, nikauliza, "Si turudishwe tu, si ndiko kwetu?" Nyogokuru alishika kichwa chake kwa mikono miwili, akakaa hivyo mpaka chakula kikapoa. Nilikuwa sijui bado ni nini alichokikimbia akiwa na baba mgongoni, wala ni akina nani waliobaki kando ya kile kijito kizuri.

Jeneroza hajaonekana. Mzee Salvatori alikwenda Tabora, akaenda polisi, akaenda kila alikoelekezwa, akafa akiwa anauliza. Imelda ana watoto wake sasa, na cherehani hii ninayoshonea tulinunua pamoja.

Nyogokuru hakuacha kuwashika wageni viwiko. Ila swali alilibadilisha. Mtu akimwambia, "Mimi ni wa huko huko kwenu," alimjibu, "Taja wewe kwanza," halafu ananyamaza, mikono bado imeshika. Wazee wenzake walilalamika kwamba amekosa adabu uzeeni. Alisikia, akaendelea kunyamaza.

Nami nimekuwa mama ndipo nikalielewa lile geti. Mtoto wa darasa la sita alisimama pale, ana njaa, ameungua, mama yake mzazi yuko mbele yake, na neno moja tu lilitosha arudi nyumbani. Akatuambia tuende. Nilimnunia kwa kutufukuza, na yeye alikuwa anafikiria tusirudishwe Gasenyi.