Kutu Kwenye Mashua ya Migombani

Baba yangu alilipwa mashua. Alikuwa baharia wa tajiri mmoja wa Bukoba mpaka tajiri akachoka na ziwa, na kiinua mgongo kikawa mashua kuukuu ya tanga. Tuliipandisha kwenye lori, ikaja Mabira, ikaketi kibanjani kati ya migomba. Mimi nafanya biashara mpakani Murongo, nimeona watu wakipunjwa kwa namna nyingi, ila hiyo ilikuwa mpya kwangu.

Alipougua, na daktari akaacha kumpangia tarehe za kurudi, alitaka jambo moja tu: kukaa ndani ya mashua ile ikiwa majini, kwenye ziwa dogo la upande wa Karagwe. Lakini haikuweza kuondoka hivi hivi. Vyuma vinavyoshika waya za mlingoti, vya stenlesi vyote, vilikuwa vimeingia madoa ya kahawia.

"Kutu inaficha ufa," aliniambia. "Ukiwepo ufa, mlingoti utatuangukia."

"Wewe na mlingoti, taata, sijui nani ataanza kuanguka."

Akacheka mpaka akakohoa.

Nikavifungua, nikavihesabu, nikavihesabu tena, nikaviacha kwenye ndoo na kwenda kupatana na mwenye lori. Niliporudi vilikuwa vinang'aa. Mama na wanawake wa jumuiya walikuwa wamevisugua kwa stilwaya na majivu, kama wanavyosugua masufuria ya harusi. Walitaka kumfurahisha mgonjwa. Mvua ikanyesha, na kabla siku ya lori haijafika vyuma vyote vikawa rangi ya udongo wa barabarani.

"Mmevipaka kutu," baba alisema, bila ukali. Stilwaya ni chuma cha kawaida, akaeleza. Chembe zake zinabaki kwenye stenlesi na kuozea humo. Dawa yake ndimu na kitambaa, polepole, kisha maji safi.

Lori lilipokuja nikalirudisha tupu, nikaenda sokoni Murongo.

"Kaka, ndimu zote hizi, kwenu kuna harusi?" muuzaji akaniuliza.

"Kuna mgonjwa."

Akaniongezea fungu zima bila kuombwa, nami nikakosa la kubishania.

Tulisugua, mama na mimi, kimoja kimoja. Baba alikuwa akiletewa kila kinachokamilika, anapitisha ukucha juu yake akitafuta ufa, anakirudisha. Baadaye akawa anakishika tu. Alifariki vyuma vichache vikiwa bado ndooni. Tukamzika kibanjani, karibu na mashua.

Kwetu siku za matanga jembe haligusi ardhi. Mama akauliza kama ndimu nayo ni jembe. Shangazi akafikiri sana, akasema hapana. Tukaketi tena na ndoo, waombolezaji wakitutazama kama watu tuliorukwa na akili.

"Kama tusingesugua na stilwaya," mama akasema, "angefika ziwani?"

Siku ile niliporudisha lori tupu, baba alikuwa bado anakaa mwenyewe kitandani, anamaliza bakuli la uji, anaulizia upepo. Nilikuwa nimeshapiga hesabu hiyo. Nilikuwa nimeirudia.

"Asingefika, mama."

Akaniangalia kama mnunuzi anayeijua bei halisi. Halafu akakata ndimu nyingine, akanipa nusu.