Bi Ozella na Mstari wa Ndoa

Bi Ozella Grissett haamini kitu mpaka akishike. Boksi la mayai hulifungua pale pale dukani. Mchungaji akidai koo linamuuma, humtaka apanue mdomo aone. Basi aliposikia kwamba Corliss Beam, muuguzi, amenunua kiwanja mwisho wa barabara yetu na analeta nyumba ya kiwandani, alikuja kwangu mbio, aproni kiunoni, unga mikononi.

"Trela!" alisema. "Wanatuletea trela, Lemuel. Upepo wa kwanza tu, itakuja kutua kwenye mahindi yako."

Huku kwetu Alabama, nyumba yoyote iliyotengenezwa kiwandani na kuvutwa na lori tunaiita trela, hata ikiwa na jiko kubwa kuliko la kanisa. Na habari zake tunazijua zote: inaruka, inawaka kama karatasi, kuta zake kadibodi, na mwenye nayo siku moja ataivuta aondoke bila kuaga. Nani alituambia? Hakuna aliyewahi kuuliza. Mimi mwenyewe niliweka sahihi ya tano kwenye karatasi ya Bi Ozella ya kupinga, na leo naona aibu. Tulifika thelathini na nane. Kikao cha wilaya kilikuwa Jumatatu. Kikitusikiliza, Corliss angeamriwa aondoe nyumba yake, ambayo nusu zake mbili zilikwisha kuegeshwa kiwanjani juu ya magurudumu.

Jumamosi Bi Ozella akanivuta twende kutafuta ushahidi. Kiwanjani tulimkuta Lonzo, fundi wa kuunganisha nyumba hizo, anakunywa chai ya barafu.

"Karibuni. Mama, umepoteza kitu?"

"Natafuta kadibodi," alijibu Bi Ozella, akaugonga ukuta kwa nguvu. Kidole kikamuuma, akakificha mfukoni.

Lonzo alicheka, akamwonyesha mbao kama za nyumba yoyote, mihimili miwili ya chuma chini ya kila nusu, na mikanda ya kuifunga ardhini.

"Na hapa juu nusu zinapokutana, sisi mafundi tunapaita mstari wa ndoa. Tunaufunika kwa ubao mrefu, tunapaka rangi, basi. Mgeni hawezi kujua."

Nimemjua Bi Ozella miaka mingi, sijawahi kumwona akiacha ugomvi katikati. Akageuka kurudi kwake, nami nyuma.

Sebuleni kwake alisimama akitazama dari. Ubao mrefu mweupe ulipita katikati, kutoka ukuta hadi ukuta. Hollis, marehemu mumewe, alikuwa akiupaka rangi kila mwaka.

"Ingia chini ya nyumba," aliniambia.

Niliondoa kimlango kwenye matofali yaliyoizunguka chini, nikatambaa.

"Unaona nini?" Sauti yake ilipita sakafuni.

"Chuma."

"Sema mbao, Lemuel."

"Ni chuma, Bi Ozella. Mihimili minne."

Nilipotoka na utando wa buibui kichwani, nilimkuta ameketi ngazini. Hollis alikuwa na nyumba ile kabla hawajaoana, wakati barabara haina mtu mwingine. Siku za uchumba Bi Ozella alimwambia mbele ya kanisa zima kwamba hakuna mwanamume atakayemlaza kwenye trela. Hollis hakumpeleka kwake miezi miwili. Alipompeleka, nyumba ilikuwa na baraza na matofali kuizunguka, yote kayajenga mwenyewe.

"Angeniambia tu," alisema.

"Ungekubali?"

Nilimwonea huruma, na Hollis nikamwonea zaidi.

Jumatatu mwenyekiti alimwita mpingaji wa kwanza. Bi Ozella akasimama na karatasi yake.

"Nimelala ndani ya trela miaka ishirini na sita," alisema, "na sikujua. Upepo uliong'oa paa la jirani yangu Nadine uliliacha langu. Futeni jina langu."

Nadine, ambaye hula kwake kila sikukuu ya Shukrani, akasogeza kiti chake mbali naye. Hakuna mwingine aliyesimama. Corliss akapewa ruhusa.

Mlangoni Nadine alinishika mkono. "Lemuel, kesho pita uangalie chini ya nyumba yangu. Usimwambie mtu."

Nje, Corliss alimkimbilia Bi Ozella, machozi yanamtoka. "Mama, sijui nikushukuru vipi."

"Usinishukuru, mwanangu. Nilikuwa nakuja kukufukuza." Alitafuta funguo za gari akazikosa. "Mume wangu alinificha siri ya nyumba yangu mwenyewe mpaka anakufa. Aliuogopa mdomo wangu huu."