Neno Nililoliruka

Iliki ndiyo iliyonirudisha huko. Majuzi nilikuwa Kapsoya, mjini Eldoret, nikimsaidia mama kupanga vitu, maana amestaafu na nyumba imejaa makatoni ya miaka yote aliyosimamia bweni la wasichana. Nilipofungua katoni moja harufu ya iliki ikanipiga usoni, na kabla hata sijaiona bahasha ya kaki nilijua ni ya nani. Thamosi ya Fardosa, niliyesoma naye, ilikuwa ikivuja chai ndani ya mkoba, kwa hivyo vitabu vyake vyote vilinukia kama jikoni kwao. Juu ya bahasha kulikuwa na jina langu kwa kalamu ya kijani.

"Ai, hiyo si aliniachia huyo msichana wakihama?" mama akasema. "Alisema nikupee. Nilisahau kabisa, mami."

Niseme mapema, wewe unayesoma, tusije tukakosana mbele: nilikuwa mtoto wa wivu. Si wivu ule wa kulia na kutupa viatu. Wangu ulikuwa wa kimya, wenye tabasamu na adabu nyingi, na ndiyo maana hakuna aliyeushtukia.

Shule yetu ilikuwa ya kimataifa, na mimi nilipata nafasi pale kwa sababu mama alifanya kazi pale. Nilikuwa na miaka kumi na tatu nilipopata wazo la jarida. Nilikuwa nimeandika shairi kuhusu baba na shamba letu la mahindi kule Sugoi, nikawaza kwamba lazima kuna mtoto Kampala au Arusha ambaye naye ameandika kitu kikabaki kulala kwenye dawati. Kwa nini shule za kimataifa zisiwe na jarida moja, tukasomana? Nilimwambia Fardosa kwanza, tukila chapati nyuma ya maktaba. Alikuwa rafiki yangu wa pekee, na baba yake alikuwa na duka la vitambaa mjini na malori yaliyokwenda Uganda.

"Wee Jelagat!" akaruka. "Hiyo ni kitu moto sana. Tumwambie Madam leo leo."

Tukamwambia Madam Nekesa, mwalimu wetu wa Kiswahili. Kufikia wiki iliyofuata Fardosa alikuwa ameshaandikia binamu zake, na huyo msichana alikuwa na binamu kila mahali: Nairobi, Mombasa, Kampala. Kila binamu akamtafuta mwalimu, na kila mwalimu akajibu. Baba yake naye akaahidi kwamba nakala zetu zitasafiri na madereva wake. Mimi nilikuwa na nini? Nilikuwa na wazo, na wazo lenyewe nilikuwa nimeshaligawa pamoja na chapati.

Madam alipomtangaza mhariri, alimtaja Fardosa. Mimi akanipa kusahihisha kurasa za Kiswahili. Nilipiga makofi kuliko wote, mpaka viganja vikawasha. Lakini kila barua pepe iliyoanza na "Mpendwa Mhariri" ilinichoma. Nilikuwa nikizisoma nyuma ya bega lake, huku nikinusa ile iliki na kuichukia. Jioni, nyuma ya daftari la hesabu, niliandika "Mhariri: Jelagat" kwa miandiko saba tofauti.

Toleo la kwanza lilipokaribia, Fardosa akaja na karatasi mbili. "Yangu soma wewe, yako nitasoma mimi," akasema. "Kwa kompyuta nitapiga mwenyewe."

Yake ilikuwa hadithi ya babu yake, aliyetoka Wajir akiwa mzee na kuja kuishi nao ghorofani juu ya duka. Kuta za Eldoret zilimbana kifua, basi kila jua lilipozama alijifunga blanketi na kwenda juu kukaa akitazama anga, akiitafuta ile anga pana ya kwao. Ilikuwa nzuri. Niliisoma mara mbili nikitafuta ubaya, nikakosa.

Ubaya pekee ulikuwa herufi. Nyumbani kwa kina Fardosa, kwa lugha yao, hakuna p. Mara nyingine ulimi wake uliteleza ukatoa b, na mkono ukaandika hivyo hivyo. Nilichukua kalamu nyekundu. "Bolebole" nikaifanya "polepole". "Besa" nikaifanya "pesa". Kisha nikafika hapa: "Jua likizama babu alipanda kwenye baa, akakaa huko mpaka usingizi umshike, ndipo baba akaenda kumshusha."

Kwenye baa. Alitaka kusema paa, lakini mjini kwetu baa nyingi ziko ghorofani, na walevi wengi hushushwa na wana wao. Sentensi ilikaa sawasawa kabisa. Yule mzee, ambaye niliwahi kumwona akitawadha kwa maji ya baridi bila kulalamika, alikuwa ameingizwa kwenye ulevi na herufi moja.

Kalamu yangu ilisimama pale. Naikumbuka vizuri ile nafasi kati ya ncha na karatasi. Kisha nikairuka na kwenda mstari uliofuata, nikiwa na furaha mbaya.

Jarida likasafiri. Baada ya siku kumi hivi majibu yakaanza kuja. Mwanafunzi mmoja wa Mombasa aliuliza kama babu hunywa bia ya moto au ya baridi. Darasani wavulana wakaanza kumwita Fardosa "Kaunta". Alicheka nao siku ya kwanza, akidhani ni utani wa kawaida, mpaka mmoja wao akamsomea sentensi. Nilimwona uso ukimbadilika. Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi dakika moja hivi, kisha furaha ikaniishia.

Baba yake alikuja shuleni akiwa amekunja jarida mkononi. Hakupaza sauti, na hilo lilitisha zaidi.

"Mwalimu, baba yangu ni mzee ya kuswali," akasema. "Haijaonja pombe hata siku moja. Hii kitu imefika mpaka Kampala kwa gari yangu. Nani alisoma mbele ichapishwe?"

Madam Nekesa akageuka kunitazama.

"Ni mimi, baba," Fardosa akasema. "Jelagat aliniambia nibadilishe. Mimi ndio nilisahau."

Baba yake alimkataza kazi ya jarida siku hiyo hiyo. Madam akanipa kiti cha Fardosa. Nilikuwa mhariri hatimaye, na niliketi pale peke yangu nikijibu "Mpendwa Mhariri", bila binamu, bila lori. Tulitoa toleo moja jembamba, basi. Mwisho wa mwaka familia yao ikahamia Nairobi. Tuliagana kwa kupungiana mikono kutoka mbali. Nilijifariji kwa jambo moja tu: hakujua. Alinitetea kwa sababu aliamini nilisahihisha, naye akaliruka alipokuwa akipiga.

Sasa bahasha. Ndani mlikuwa na zile karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa shairi langu, na hapo nilishtuka. Nyumbani tulimwita baba "papa", ndivyo ndimi zetu za Sugoi zilivyozoea, na mimi msahihishaji wa Kiswahili nilikuwa nimeandika hivyo kuanzia juu mpaka chini: papa analima, papa anapalilia, papa amebeba gunia. Samaki mkubwa wa baharini akivuna mahindi Uasin Gishu! Mara kumi na moja kalamu ya kijani ilikuwa imebadilisha p kuwa b, taratibu, bila alama ya mshangao. Shairi lilipochapishwa sikuona hata tofauti. Nilidhani ndivyo nilivyoandika.

Ya pili ilikuwa hadithi yake, na wekundu wangu umejaa kila mahali. Bolebole imekatwa, besa imekatwa, juu na chini ya ile sentensi. Yeyote mwenye macho angeona kwamba nilipita pale nikiwa macho. Na juu ya neno nililoliruka, kwa wino wa kijani, alikuwa ameongeza herufi moja ndogo: p.

Alijua. Lazima aliirudia karatasi siku ile wavulana walipomsomea sentensi. Alipokuwa amesimama mbele ya baba yake akisema "ni mimi", alikuwa ameshaiona karatasi hii.