Viganja vya Mkunga

Mkunga mstaafu wa Shanwe hagusi tumbo la mzazi kabla hajasugua viganja vikapata joto. Hata jua la Oktoba liwake vipi, atasugua tu, huku akiimba pambio puani. Ndivyo alivyofanya bibi huyo siku Felisiani, daktari wa mifugo, alipotandika turubai barazani kwa bibi ili amfunge kizazi Karanga, mbwa wa bibi asiyemzidi paka kwa ukubwa, aliyenusurika kufa mwaka jana kwa siku mbili za uchungu wa kuzaa. Bibi mwenyewe ndiye aliyemwita. Lakini alipompapasa Karanga tumbo, vidole vikasita.

“Wapo?” Felisiani akauliza.

“Watatu. Wadogo bado.”

“Nikimpasua leo, bibi, hao ndiyo basi. Nikimwacha azae, sijui kama yeye atapona.”

Bibi akasugua viganja upya, safari hii bila pambio. Akasugua muda mrefu.

“Mchome sindano ya usingizi, baba.”

Akakipakata kichwa cha Karanga, akamwinamia sikioni, akamwambia kwa sauti ile ile ya chumba cha kujifungulia: “Pumua, mama. Usisukume. Pumua tu.”