Ziwa la Tatu

Mwezi wa Mfunguo Pili, mwaka mmoja kabla ya vita vya Mjerumani, dada yangu Salma alipoteza siku yake ya mwisho ya kutembea nje, na mimi ndiye niliyempotezea. Nilikuwa na umri wa miaka minane. Yeye alikuwa ameshaposwa, na baada ya mandari ile, matembezi yetu ya kila mwaka ya kwenda kupika na kula msituni, angewekwa ndani mpaka harusi.

Harufu ya msitu ule naikumbuka hata leo: majani yaliyolowa mvua ya vuli na matope baridi. Ulikuwa ng'ambo ya kisiwa chetu, mwendo mfupi kutoka tuliposhuka mashuani, na ndani yake mlikuwa na maziwa matatu madogo yaliyounganishwa na vijito vyembamba, maji yakifika magotini. Wenyeji waliulinda tangu enzi za mababu zao. Walituruhusu kuingia kwa sharti moja: usitoe kitu, usiache kitu. Kuni tulikuwa tukizitoa mjini, tukapika ukingoni, na hata majivu tukarudi nayo ndooni. Salma alitaka kufika ziwa la tatu, ambako yungiyungi huchanua. Kila mwaka tuliitwa tukiwa kwenye la pili, chakula kimeiva. Mwaka ule aliahidiwa kwamba atafika. Alikunja leso yake akaingia majini, na shangazi akamwambia atafika kwa mume na miguu ya bata. Salma akamjibu kwamba mume mwenyewe ana masikio ya popo, watafaana.

Hapo ndipo mama alipouliza kuni ziko wapi. Yeye alidhani amezibeba shangazi. Shangazi alidhani amezibeba mama. Zilikuwa zimebaki ngazini, nyumbani kwetu Ndia Kuu. Bila moto hapana wali, na mama akasema basi, turudi. Nilimwona Salma amesimama katika ziwa la kwanza. Nikachepuka, nikaokota vijiti vikavu vya kujaza kumbatio langu, nikamwambia mama nimepewa na mlinzi wa msitu.

Maji ya wali hayajachemka, mlinzi mwenyewe akatokea, Mzee Chengo. Hakufoka. Aliuliza ni nani aliyetwaa vijiti. Nilijificha nyuma ya mama. Salma alitoka majini, leso inachuruzika.

"Ni mimi, mzee wangu. Niwie radhi."

Mzee Chengo akatuomba tuondoke. Mashuani Salma hakunitaja, wala mimi sikujitaja, si siku ile wala baadaye. Aliolewa Lamu, na uzazi wa kwanza ukamchukua.

Siku hizi wajukuu wangu wa kike huenda mtaa wa Tudor na kurudi bila kuulizwa, na mimi mwenyewe sina wa kunizuia. Mwaka huu nilifunga kuni, kiasi kile kile cha kumbatio la mtoto, nikavuka. Mlinzi wa sasa ni mjukuu wa Mzee Chengo, mwanamke wa makamo. Nilimweleza yote, kwamba hakuwa Salma, nilikuwa mimi, nikaomba niziweke pale nilipookota zile. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bibi, hapa hakiachwi kitu," alisema kwa upole. "Rudi nazo."

Akanionyesha njia ya ziwa la tatu. Sikwenda. Nilijitwika kuni zangu nikarudi mashuani, na jioni ile nikazipikia wali.